Kondoo wa Mama, Mahindi ya Baba

Kuna neno moja ambalo likitajwa mbele yangu hadi leo damu hunichemka, na wala si tusi. Ni neno la kawaida kabisa: kulala. Shamba limelala. Kwetu Ukambani, ukipita njiani ukaona ardhi ya mtu imeota nyasi badala ya mahindi, huulizi nyasi hizo zinaliwa na nani. Unasema shamba limelala, unatikisa kichwa, unaendelea na safari yako ukiwa umeshamhukumu mwenye shamba. Naye akisikia, haya humshika kama mtu aliyefikiwa na wageni nyumba haijafagiliwa.

Siku lilipotuingilia sisi, neno hilo lilisemwa sebuleni kwa kaka yangu mkubwa, mtaa wa Donholm, Jumapili moja baada ya ibada. Kaka ni dereva wa kampuni, amejitahidi, ana viti vya ngozi na televisheni ambayo haizimwi hata watu wakisali. Mama yetu alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa goti, na alikuwa akikaa kwangu, mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Kumshusha zile ngazi ilikuwa kazi, kwa hiyo hakushuka ila kwa jambo la maana. Tuliambiwa tunaalikwa chakula. Kumbe tumeitwa mkutano.

"Mwaitu," kaka akaanza. Hilo ndilo neno la Kikamba la kumwita mama, na kaka yangu hulitumia akiwa na haja. Siku nyingine zote humwita mathe. "Mwaitu, hiyo shamba imelala. Watu wanaongea. Mvua ndiyo hiyo inakuja, na wewe uko huku na mguu. Sasa mimi nimefikiria hivi. Hizo kondoo tuuze zote, tuite trekta, tulime kila mahali, tuweke mahindi. Yaani tusiache hata pa kukanyaga."

Wifi yangu, mkewe, akaitikia "eeh" kabla hajamaliza. Nikajua yamekwisha kuzungumzwa na sisi tumeletewa tu tuyameze na chapati.

Inafaa nieleze lile shamba, kwa sababu watu wa kwetu hawalielezi, hulilima tu. Baba alipokuwa hai lilikuwa la mahindi lote, mpaka kwenye mteremko ambao hata mbuzi huteleza. Lilikuwa la mahindi hata ile miaka ambayo hatukuvuna mahindi, na hiyo ndiyo ilikuwa mingi. Baba alikuwa karani hapa mjini. Mshahara wake ukawa unapanda basi kwenda nyumbani, unageuka mbegu na mbolea na vibarua wa palizi, halafu mvua inakatika mahindi yakiwa yanatoa ndevu, na baba anasema msimu ujao utakuwa mzuri. Alikuwa kama mcheza karata anayeamini zamu yake imekaribia. Alikufa akiamini hivyo, Mungu amrehemu.

Tulipomzika, mama alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliacha kulima sehemu kubwa. Alibakisha kipande karibu na jikoni cha kunde na mahindi ya kuchoma, na kwingine kote akaachia nyasi. Kondoo wake, ambao siku zote walikuwa wachache wa kufungwa nyuma ya nyumba, wakawa kundi. Ni wale kondoo wetu wekundu wenye mikia ya mafuta, wasio na sura ya kumvutia mtu yeyote. Waliokota maganda ya migunga yaliyodondoka, wakala majani makavu ambayo ng'ombe angeyanusa na kuyaacha, wakazaa, na wana wao wakazaa. Mvua ikija walinenepa, na isipokuja walikonda kidogo. Sikuwahi kusikia mama akiomba mtu pesa za mbolea kwa ajili ya kondoo wake.

Kwa hiyo nilipomsikia kaka yangu akisema wauzwe wote, sikuweza kunyamaza. Waswahili husema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mimi si muungwana.

"Hao kondoo ndio waliokusomesha," nikamwambia.

"Mimi nilisomeshwa na mzee."

"Mzee alikulipia muhula wa kwanza. Mihula mingine yote, ni nini kilichokuwa kikitoka kwenye zizi na kamba shingoni?"

"Sawa, mathe alisaidia," akasema. "Nani amekataa? Alisaidia."

Alisaidia! Hapo ndipo penye kidonda changu. Nyumbani kwetu mahindi ya baba yakipatikana, tuliambiwa tumevuna. Kondoo wa mama akiuzwa, tuliambiwa mama amesaidia. Gunia la mahindi liliingia mlangoni likishangiliwa, likawekwa mahali pa kuonekana na wageni. Kondoo alitoka kwa mlango wa nyuma alfajiri, na jioni karo imelipwa, na hakuna aliyesema neno faida. Na wale waliokuwa wakiliwa je? Kila Krismasi tulishuka kutoka Nairobi na mizigo ya mkate na soda, tukachinjiwa kondoo wawili, watatu, na mwingine akafungwa miguu akawekwa kwenye buti la gari la kaka kwa ajili ya wakwe zake. Mwaka baada ya mwaka tukala mifugo ya mama, halafu tukakaa Donholm tukisema mifugo ya mama haina kitu.

Hata hapa mjini kondoo hana heshima. Nenda kwenye bucha yoyote ya Eastlands, uliza nyama choma ya kondoo, utaambiwa hakuna, kuna mbuzi. Angalia mafuta ya huyo mbuzi. Kondoo wa watu huingia Nairobi akiwa kondoo, akafika kwenye sahani akiwa mbuzi, na mlaji akalamba vidole akisifu mbuzi. Hasira yangu na jambo hili ni ya miaka mingi.

Kaka akaona nimepandwa, akaamua kunichekesha. Hiyo ndiyo mbinu yake tangu utotoni. "Siste, hebu niambie kitu moja tu. Utapika muthokoi ya kondoo?"

Wifi alicheka mpaka akaweka jagi chini. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na maharagwe au kunde, na Mkamba anaweza kushiba nyama mpaka akalala chali lakini kama hajaonja muthokoi atakwambia leo sijala. Mama pia alitabasamu. Nikaona kicheko kimeninyang'anya kesi.

"Muthokoi unauzwa soko la Muthurwa," nikasema. "Umekobolewa, umepepetwa, kazi yako ni kuchagua. Kondoo mmoja atakununulia muthokoi ule mpaka uuchukie. Muthokoi wote uliowahi kuvuna wewe ungekununulia mkia wa kondoo?"

"Asiyesikia la mkuu," akasema kaka, sauti imebadilika.

"Huvunjika guu. Na mwenye guu bovu hapa ni mama, na kondoo ni wake. Si umuulize?"

Sitaki kusema kaka alikuwa mjinga. Alikuwa na hoja moja ya kweli, na aliisema: nani atawachunga? Kondoo huibwa. Mbwa wa jirani wakikosa usingizi huingia zizini. Mvua ikinyesha mfululizo wanakohoa, asubuhi unakuta wawili wamekauka. Kondoo anataka mtu aliyepo, mtu mwenye miguu, na sisi sote tulikuwa Nairobi. Mahindi ni mazao mazuri kwa mtu asiyekuwepo. Unatuma pesa kwa simu, trekta linakuja, unatuma tena, vibarua wanapalilia, unatumiwa picha, unaionyesha kazini, unaitwa mkulima. Kondoo huwezi kumchunga kwa simu. Hilo ndilo lililokuwa chini ya maneno yote ya siku ile, na laiti angelisema hivyo tu ningemheshimu. Lakini yeye alisema faida. Alisema kondoo hawana mbele, mahindi ndiyo yenye mbele, kwa sababu watu hawaachi kula ugali. Kweli, watu hawaachi kula ugali. Mawingu nayo yaliambiwa?

Mama akaulizwa. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilimtazama nikingoja aseme hapana, maana mama yangu anajua kusema hapana. Mimi nimeambiwa hapana na yeye maisha yangu yote.

"Uzeni," akasema.

Tulipofika Tassia nikampandisha ngazi, tukipumzika kila ghorofa, na kwenye ghorofa ya tatu, ameegemea ukuta kati ya ndoo za majirani, akaniambia bila kuulizwa.

"Wananiombea."

"Kina nani?"

"Kanisani nyumbani. Wakiombea wagonjwa, wakishaombea wasafiri, pasta anaombea shamba la mjane lililolala. Halafu wote wanasema amina. Mimi nimekaa hapo. Nimechoka kuombewa."

Nilitamani kucheka na nilitamani kwenda usiku ule ule kumtoa yule pasta madhabahuni kwa kola. Mwanamke ana kundi la kondoo, hadaiwi na mtu, sadaka anatoa noti ya kukunjua, na kanisa zima linafumba macho kumwombea ardhi yake kama maiti! Na wale wanaosema amina mashamba yao yamelimwa vizuri, mistari imenyooka, na kila msimu wa njaa hupanga foleni kungoja mahindi ya msaada. Hao ndio walioamka.

Nilimkasirikia na yeye. Nilimwambia angeweza kubadilisha kanisa. Alinitazama kama mtu niliyemshauri abadilishe uso.

Kaka alikwenda nyumbani kuuza. Mama alitaka mnunuzi awe mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya mto, jirani yetu, kwa sababu yeye ni mfugaji na angewaweka. Broka angewapakia kwenye lori moja kwa moja hadi machinjioni. Kaka alinung'unika, lakini alitii. Wale kondoo walivuka mto jioni moja, na mama alipigiwa simu kuambiwa wamevuka. Akasema sawa. Akaendelea kuchambua mchele.

Kisha trekta likaja, na simu zetu zikaanza kujaa picha. Udongo mwekundu umefunuliwa toka kona hadi kona. Kaka ndani ya buti za mvua, ameweka mkono kiunoni. Mahindi kama unyoya, kisha mahindi ya kufika gotini. Binamu kutoka kila mtaa wakaandika hongera mkulima, Mungu ni mwema, sasa tunaona shamba. Viwavi wakaingia, tukaambiwa tuchange dawa, nikachanga nikiwa nimekunja uso kana kwamba simu inaniona. Mvua ilikuwa nzuri, kwa kweli, mpaka wiki ile ile ambayo hukatika. Mahindi yakatoa ndevu, mbingu zikakauka, na picha zikakoma.

Mavuno ya shamba zima, mteremko na yote, yalikuja Donholm nyuma ya gari dogo, na bado palikuwa na nafasi ya watu kukaa. Magunzi yalikuwa na mapengo kama midomo ya wazee. Tukaitwa tena chakula. Wifi akapika muthokoi, na kaka akasimama akaomba akimshukuru Mungu kwa mazao ya ardhi yetu. Nilikula. Ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Lakini mahindi si kitu. Mahindi yamewahi kutushinda. Kilichonila ni mama. Goti lilipata nafuu, madaktari wakasema anaweza kurudi, naye hakutaja kurudi. Arudi kufanya nini? Alikaa kwenye roshani yangu kati ya kamba za nguo, akitazama chini kwenye mtaro ambako kondoo wa mtu fulani wa mtaani hupita kila asubuhi wakichakura takataka. Alianza kunituma sokoni nimletee maganda ya kabichi, nikidhani ni ya kupika kitu. Alikuwa akiyatupa chini, ghorofa nne, akilenga.

Halafu Jumapili moja, nikiwa nimeshavaa, akasimama mlangoni mwa chumba changu na mkoba wake wa kanisani mkononi.

"Una kitu kidogo?" akasema. "Ya sadaka."

Mama yangu alikuwa hajawahi kuniomba sadaka. Karo yangu aliilipa, godoro la kwanza nililolalia mjini alilinunua, na kila nilipokwenda nyumbani alinifungia noti kwenye kitambaa eti nauli, mimi mtu mzima mwenye mshahara. Nilimpa. Aliipokea kwa kutazama kando. Kanisani sahani ilipopita sikuona wala kusikia kitu kwa hasira, na sijui mahubiri yalihusu nini.

Haukupita muda mrefu kaka akatuma picha nyingine. Ilikuwa shamba letu, mabua makavu yamesimama, na katikati yake kondoo wekundu, wengi, vichwa chini. Chini yake ameandika: *Sasa shamba imeanza kuleta pesa. Nimekodisha malisho kwa mwalimu. Analipa kila mwezi, hakuna mbegu, hakuna mbolea, hakuna stress. Lazima mtu atumie akili.* Binamu wakaandika hongera.

Nilimwonyesha mama. Sikujua ningefanya nini kingine. Alisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akagusa kioo kwa kidole, picha ikaruka, akaniambia nirudishe.

"Huyu ni wangu," akasema. "Na huyu. Huyu alikuwa hajazaa, angalia, amezaa." Akawa anacheka peke yake. "Huyu naye bado anasimama hivyo."

Nikampigia kaka hapo hapo. Sikumsalimia. Nilimwuliza kama anajua ni kondoo wa nani wanaokula kwenye hayo mabua, na kama anakumbuka nyasi zilikuwa za bure kondoo hao walipokuwa wa mama. Nilimwambia kwamba ameuza kundi ili alime mahindi, mahindi yamekufa, na sasa anamkodishia mtu shamba alishe lile lile kundi, halafu anaita hiyo akili.

"Siste, punguza sauti. Hiyo ni biashara tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

"Hii inalipa," akasema. Na alikuwa anamaanisha. Hakuwa akinidhihaki.

Nilipokuwa bado natafuta matusi, mama alikuwa amechukua simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vibonye, na alikuwa akizungumza na mtu kwa Kikamba, kwa heshima, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike Nairobi. Alikuwa anamuuliza mwalimu habari za nyumbani, na habari za mkewe, na habari za mvua. Kisha akamuuliza nani anamchungia wale kondoo. Akasikiliza. Akasema mtu huyo hawafai, anawaswaga kama punda. Kisha akasema, polepole, kwamba goti limepona, na yeye yuko tu.

Kwetu kuna utaratibu wa zamani: unamchungia mtu mifugo yake, na kati ya wanaozaliwa unapewa wako kwa zamu. Hufanywa na mtu anayeanza maisha, kijana asiye na kitu. Mama yangu mwenye wajukuu alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki akijadiliana na jirani zamu ya wanakondoo. Nilimpigia ishara aache. Akanigeuzia mgongo.

Kaka alipopata habari alikuja Tassia mbio, akapanda ngazi zote, akafika anahema. "Mathe hawezi kuchunga kondoo za mtu. Tutaweka uso wapi? Watu watasema aje?"

"Watasema nina kazi," mama akamjibu, akaniuliza kama nina raba za zamani ambazo sizivai.

Nilikuwa nazo. Nilizifunga kwenye mfuko huku nikimwapiza kaka moyoni. Kesho yake akarudi nyumbani, kwenye ardhi yake mwenyewe, akaajiriwa kuchunga kondoo aliowazalisha mwenyewe. Mwisho wa mwaka kaka yangu alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, shamba limetupa faida.